Nani alikunywa maji ya Mtera? Kisa cha bwawa pana lisilo na kina

Kama umewahi kupanda basi la Iringa kwenda Dodoma unalijua hili bwawa hata kama hujawahi kuliuliza habari zake. Unatoka Iringa mjini unashuka Isimani, baridi inabaki nyuma, mibuyu inaanza, vumbi, migunga, joto linapanda, halafu ghafla upande wa kushoto unaona maji mpaka macho yanachoka, katikati ya nchi kavu kabisa ambayo mvua yake kwa mwaka ni milimita mia nne mia tano hivi. Ukifika tutani basi linapunguza mwendo na wauza samaki wanakimbilia madirishani na mabeseni ya perege wa kukaanga, wakavu, wenye chumvi hasa. Ndo Mtera hiyo. Kingo za bwawa ndo daraja lenyewe, ukivuka umetoka Iringa umeingia Dodoma.

Mara ya kwanza nimepita pale nikiwa mdogo maji yalikuwa yamesogea karibu na barabara. Mara nyingine, miaka kadhaa baadaye, nikadhani nimesinzia nimepitiliza, maana palipokuwa na maji palikuwa na tope limepasuka vipande vipande kama vigae, ng'ombe wanachunga juu yake, na miti mikavu imesimama kama vijiti vya kiberiti, miti ambayo ilizama bwawa lilipojaa mara ya kwanza na haijaanguka mpaka leo. Mitumbwi miwili ilikuwa imelala kwenye majani mbali kabisa na maji. Jamaa niliyekaa naye akasema, "Wasukuma hao na ng'ombe wao, wamemaliza maji huko Ihefu." Ihefu ni ardhioevu iliyoko juu huko kwenye mto Ruaha Mkuu, mto unaoijaza Mtera. Alisema kwa uhakika kabisa, kama mtu anayekwambia leo Jumanne.

Basi hicho ndo kisa ninachotaka kukichambua leo. Hii kauli ya yule jamaa si yake peke yake, imesemwa na wakubwa, imeandikwa magazetini, watu wamehamishwa kwa ajili yake. Swali langu ni dogo tu: hesabu zinakubali?

Tuanze na bwawa lenyewe. Mtera ilijengwa nusu ya pili ya miaka ya 70, na watu wengi hawajui kwamba haikujengwa ili ifue umeme pale pale. Kazi yake ilikuwa kuwa tangi la Kidatu. Kidatu kule Morogoro, chini zaidi kwenye mto huo huo, ilianza kufua umeme 1975 na ikapanuliwa baadaye ikafika megawati 204, lakini bwawa lake ni dogo, linabeba kama mita za ujazo milioni 125 tu. Kwenye mto unaofurika miezi minne mitano halafu unanywea, ukiwa na kibakuli kidogo namna hiyo mashine zinasimama kiangazi. Kwa hiyo wakatafuta mahali juu ya mto pa kuhifadhi maji ya masika, wakapata pale ambapo Ruaha Mkuu unakutana na Kisigo, Ruaha Mdogo ukiwa umeshaingia. Mtera inabeba maji ya kazi, yaani yale yanayoweza kutumika, kama mita za ujazo milioni 3,200, yaani Kidatu ishirini na tano ukizipanga. Mashine za pale pale Mtera, megawati 80, zilikuja mwishoni mwa miaka ya 80, kwa sababu mtu alifikiri vizuri tu kwamba maji yanashuka bure, tuyatumie mara mbili.

Sasa shida iko kwenye umbo la ardhi. Milima iko huko mbali, Kipengere na Poroto kule Mbeya na Njombe, mto unashuka unamwagika kwenye tambarare ya Usangu, unatengeneza ardhioevu ya Ihefu, unatoka hapo unapita hifadhi ya Ruaha, halafu unafika Mtera ambako nchi ni bapa kama sinia. Ukizuia maji kwenye bonde jembamba lenye kuta unapata bwawa refu kwenda chini. Ukizuia kwenye sinia maji yanatambaa pembeni. Mtera ikijaa ina eneo la kilometa za mraba zaidi ya 600, urefu kama kilometa 56, upana kama 15 sehemu pana. Ukigawa maji yake yote kwa eneo hilo unapata wastani wa kina wa mita tano na kitu. Mita tano! Nyumba ya ghorofa moja inatokeza paa.

Na kuna namba mbili ambazo mtu yeyote aliyeishi miaka ya mgao anazikumbuka maana zilikuwa zinasomwa redioni kama matokeo ya mpira: 698.5 na 690. Ya kwanza ni mita juu ya usawa wa bahari bwawa likijaa, ya pili ndo kiwango cha chini ambacho mashine hazitakiwi kuvuka. Tofauti yake ni mita nane na nusu. Umeme wa nchi, kwa miaka mingi, umening'inia kwenye hizo mita nane na nusu. Mpaka kituo kingine cha maji, Kihansi, kilipoanza mwaka 2000 na gesi ya Songosongo ikafika Ubungo 2004, hatukuwa na pengine pa maana pa kukimbilia, na hata baada ya hapo Kidatu na Mtera pamoja ni megawati 284 kati ya 561 za maji kwenye gridi ya wakati ule. Nusu ya umeme wa maji ilikuwa inategemea sinia moja.

Haya, sasa jua. Pale Mtera ni joto, upepo, anga wazi karibu mwaka mzima. Maji yanayopotea kwa mvuke ni kama mita mbili kwa mwaka. Watu wanaisikia hii wanaipita, ila ikae kidogo kichwani. Mita mbili kati ya mita nane na nusu zinaenda hewani kabla hujawasha taa moja. Kwa eneo la kilometa za mraba 600 hiyo ni mita za ujazo bilioni 1.2, zaidi ya theluthi ya maji yote ya kazi. Ni kweli bwawa halikai limejaa mwaka mzima, likipungua eneo linapungua na mvuke unapungua, lakini umeshaelewa. Bwawa bapa ni mnywaji mkubwa kuliko mtu yeyote aliye juu ya mto.

Tumpe ng'ombe naye hesabu yake, maana ndiye mshtakiwa. Chukua ng'ombe laki tatu, kila mmoja anywe lita 40 kwa siku, na hapo nimemwekea za kushiba kabisa. Ni lita milioni 12, yaani mita za ujazo elfu kumi na mbili kwa siku. Mtera ikiwa imejaa inapoteza kwa jua milimita tano sita kwa siku, ambayo ni mita za ujazo zaidi ya milioni tatu. Siku moja ya jua la Mtera inakunywa kuliko ng'ombe wote hao kwa miezi minane. Nilipopiga hii hesabu mara ya kwanza nilidhani nimekosea sifuri, nikarudia kwenye simu mara tatu.

Atakuja mtu aseme ishu ya ng'ombe si kunywa, ni kukanyaga, wanamaliza majani ya Ihefu, wanachimba makorongo, udongo unaingia mtoni. Hilo nakubali, ni hoja ya kweli na inahusu Ihefu yenyewe, ndege wake, samaki wake. Lakini hiyo si hoja iliyotumika mgao ulipokuja. Hoja ilikuwa kwamba wamemaliza maji ya umeme.

Hapa inabidi tutenganishe vitu viwili ambavyo kwenye mazungumzo ya watu vimeungana vikawa kimoja. Cha kwanza ni mto kukauka ndani ya hifadhi. Hicho kimetokea na kinatokea. Mwaka 1993 mwishoni Ruaha Mkuu ulisimama kabisa hifadhini kwa wiki chache, na tangu hapo kila kiangazi karibu unasimama, miaka mingine miezi kadhaa. Viboko wanabanana kwenye vidimbwi vya tope, samaki wanakufa, picha zinasambaa na roho inauma kweli. Sababu yake inaeleweka vizuri ukijua Ihefu ilivyo. Ile ardhioevu ya mashariki ni kama sufuria yenye mdomo, na mdomo ni mwamba pale Ng'iriama. Maji yakiwa juu ya mwamba yanamwagika kwenda hifadhini. Yakishuka chini ya mwamba hata sentimita tano, hakuna kinachotoka, wakati sufuria yenyewe bado ina maji kibao yanachomwa na jua. Kwa hiyo wakulima wa juu wakiongeza kidogo tu maji wanayochepusha kiangazi kwenye mabanio yao, mdomo unakauka. Hapo kosa liko juu, halina ubishi sana.

Cha pili ni Mtera kuishiwa. Na hicho ni kitu kingine kabisa, kwa sababu Mtera haijazwi na maji ya kiangazi. Inajazwa na mafuriko ya Desemba mpaka Aprili au Mei, pamoja na Kisigo, mto ambao kiangazi ni mchanga mtupu unapita kwa miguu, na mvua zikija unashusha maji ya kutisha ya rangi ya matope. Ule mtiririko wa kiangazi tunaoulilia hifadhini, hata ukiurudisha wote, tuseme mita za ujazo tano kwa sekunde miezi mitatu mfululizo, unapata kama milioni 39. Ukiimwaga Mtera ikiwa imejaa maji yanapanda sentimita sita na nusu. Kiboko anapona, ila balbu yako haijui tofauti.

Je, mpunga wa masika? Huo una mzigo zaidi, nisiwe mnafiki. Mashamba ya Usangu yamepanuka mara kadhaa tangu miaka ya 70 na majaruba yanajazwa wakati ule ule mafuriko yanapotakiwa kuja Mtera, kwa hiyo yanapunguza kitu. Ila tukumbushane basi nani aliyaanzisha yale makubwa. Shamba la Mbarali lilijengwa na serikali kwa msaada wa Wachina miaka ya 70, chini ya NAFCO, shirika la serikali la kilimo na chakula. Kapunga likaja mwanzoni mwa miaka ya 90, Madibira baadaye. Yaani serikali hiyo hiyo iliyojenga tangi chini ikafungua mabomba juu, halafu tangi lilipopungua macho yakaenda kwa mtu mwenye fimbo na kubazi.

Turudi kwenye miaka yenyewe. Mgao wa 1992 na 1994 ndo uliofanya jina la Mtera lijulikane nyumbani kwa kila mtu, vibatari vikarudi mjini. Maelezo yalikuwa ukame na watu wa Usangu. Baadaye, kuanzia 1998, kukaja mradi wa utafiti Usangu uliofadhiliwa na Waingereza, unaitwa SMUWC, wakapima mito, mabanio, ardhioevu, kila kitu, na moja ya mambo waliyosema ni kwamba matumizi ya kiangazi ya Usangu hayawezi kuwa sababu kuu ya umeme kukatika. Halafu 2003 wahandisi wa maji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakachapisha kazi yao, wamechukua takwimu za Mtera na Kidatu wakaziendesha kwenye kompyuta kuona maji yaliingia kiasi gani na yalitoka vipi. Jibu lao halikupendeza: kule kuishiwa kwa mwanzoni mwa miaka ya 90 kulitokana kwa sehemu kubwa na namna mabwawa yalivyoendeshwa.

Ukilielewa hili unabaki umeshika kichwa. Kati ya Mtera na Kidatu kuna mito mingine inaingia, Lukosi na Yovi, inatoka milimani ambako mvua ni ya uhakika. Masika, hiyo mito peke yake inaweza kuipa Kidatu maji mengi. Kwa hiyo akili ya kawaida ya mtu mwenye tangi na mvua inasema, mvua ikinyesha tumia ya mvua, tangi lifunge. Yaani Mtera ishike maji yake, Kidatu itumie ya Lukosi na Yovi. Ukifungulia Mtera wakati huo huo, Kidatu kwa udogo wake inajaa, inafurika, maji yanapita juu kwenda Rufiji bila kugusa mashine. Maji ambayo yangesubiri Oktoba yameenda baharini Machi. Sasa mwendeshaji naye tumwelewe kidogo, maana anadaiwa umeme leo, na mashine za Mtera kuanzia 1988 nazo zinataka maji ili zizunguke, ukiifunga Mtera umezima megawati 80. Nchi inayokaa bila umeme wa akiba inakula mbegu. Hiyo ndo bei ya ile busara ya kutumia maji mara mbili, tangi likageuzwa kuwa kituo cha umeme, na kituo hakipendi kukaa kimya.

Ila hizi karatasi nani alizisoma? Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alikuwa ameshatoa ahadi, akiwa London, kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima. Ahadi nzuri kwa viboko. Ilipofika nyumbani ikaeleweka kama ahadi ya umeme.

Halafu ikaja 2006. Mvua za mwishoni mwa 2005 ziligoma nchi nzima, Mtera ikashuka chini ya 690, mgao ukaanza na huo kila mtu wa umri wangu anaukumbuka kwa sauti, mlio wa jenereta za Kichina kwenye kila duka na kila saluni. Mambo mawili yakatokea kwa pamoja. Kule Dodoma na Dar wakakimbilia umeme wa dharura wa kukodi, ndo ikazaliwa kashfa ya mkataba wa kampuni ya Richmond, ambayo iliishia na Waziri Mkuu Edward Lowassa kujiuzulu Februari 2008. Na kule Usangu likatoka agizo la wafugaji kuondoka. Kati ya 2006 na 2007 maelfu ya watu na makundi makubwa ya ng'ombe yakahamishwa kuelekea Lindi, Kilwa, Rufiji, njia ndefu, ng'ombe wengi wakafa njiani, watu wakatozwa faini, malalamiko yakawa makubwa mpaka serikali ikaunda tume chini ya Jaji Othman Chande kuchunguza ilivyoendeshwa. Mwaka 2008 Ihefu ikaingizwa rasmi ndani ya Hifadhi ya Ruaha.

Na mto ukaendelea kukauka kiangazi, 2010 ikapita. Na umeme? Ulikatika tena 2011. Ng'ombe walikuwa wameshaondoka Ihefu miaka minne. Kama kuna jaribio la kisayansi lililowahi kufanywa bila mtu kukusudia, ni hili.

Upande wa pili wa kisa, ambao huwa unasahaulika kwenye hesabu za megawati, ni watu wa bwawa lenyewe. Migoli, Izazi, Makatapora, vijiji vya Wahehe na Wagogo ambao babu zao walikuwa wakulima wa mtama na wafugaji, na leo kijana wa pale anajua bei ya nyavu kuliko bei ya mtama. Wakaja na wavuvi kutoka mbali, wengine kanda ya ziwa, na ufundi wao na makokoro yao. Kwao bwawa kuwa bapa ni habari ya riziki. Maji ya kina kifupi yanapata jua mpaka chini, perege wanazaliana kwenye majani yaliyofunikwa na maji mapya ya masika, wanakua upesi. Maji yakirudi nyuma mita moja kwenda chini yanaweza kurudi nusu kilometa au zaidi kwenda ndani, kwa hiyo kambi za uvuvi zinahama, vibanda vya nyasi vinabebwa vinafuata maji kama mtu anavyomfuata mdaiwa. Nyuma yao anakuja mwenye ng'ombe kwa majani mabichi, na nyuma yake mwenye jembe, anapanda mahindi kwenye tope lile lile. Mvua zikija wote wanarudi juu. Mzee mmoja muuza kambale alinionyesha mbuyu mbali huko akaniambia, "Mwaka wa El Nino maji yalikuwa pale." Ile mvua ya 1997 na 1998 ilijaza bwawa pomoni. Nikamuuliza na mwaka wa mgao yalikuwa wapi, akacheka akaelekeza mkono upande wa pili kabisa, sikuona kitu, upeo tu.

Sikuona mtu pale anayemlaumu Msukuma, kwa kweli. Walikuwa wanalalamika kuhusu nyavu za macho madogo na kuhusu mageti, kwamba maji yanafunguliwa bila wao kuambiwa na asubuhi mtumbwi uko kwenye tope.

Leo Mtera imepoteza cheo. Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina megawati 2,115, liko chini kabisa baada ya mito yote kuungana, na Ruaha Mkuu unachangia kama asilimia 15 tu ya maji ya Rufiji, mwenye nyumba huko ni Kilombero. Kwa hiyo tone lile lile sasa linaweza kufua umeme mara tatu, Mtera, Kidatu, halafu Rufiji, kama mtu wa mageti atapiga hesabu za vituo vyote vitatu pamoja. Na sasa hivi, kwa mara ya kwanza, anaweza kuiacha Mtera ijae kwa sababu nchi ina umeme mwingine wa kula wakati inasubiri.

Mara ya mwisho nimepita ilikuwa Juni, maji mengi, miti mikavu imezama mpaka kwenye matawi na ndege wamekaa juu. Nikanunua perege wanne, elfu tano. Dirisha la mbele abiria alikuwa anamwambia mwenzake kwamba mwaka huu bwawa limejaa kwa sababu wafugaji wamedhibitiwa kule juu. Nikataka kutoa simu nimwonyeshe hesabu ya ng'ombe laki tatu, konda akasema twende, nikala samaki wangu.